Kichwa cha mama mkwe kiliitwa uchovu, changu kikaitwa mimba

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi, wengi hamnijui. Leo nimeshindwa kukaa kimya. Haya yamenipata mimi mwenyewe, chumvi sijaongeza, ila majina nimebadilisha kwa sababu shemeji zangu nao wanapita humu. Wakijitambua, sawa tu.

Kilichonileta ni ule uzi wa jamaa aliyeomba ushauri, mke wake anasumbuliwa na migraine. Nikasoma comments zote.

"Mkeo anakwepa majukumu."

"Hiyo ni ya watu wasio na kazi ya kufanya."

"Mpe ujauzito, itaisha yenyewe."

Huyo wa mwisho alipata likes nyingi kuliko wote. Sasa mimi habari ya migraine na ujauzito naijua kuliko yeye. Tulieni niwasimulie.

Nimezaliwa Nshambya, hapa Bukoba mjini. Nyumbani ni Walutheri wa kweli kweli, baba ni mzee wa kanisa, sisi watoto wote tumepitia kwaya.

Kichwa changu kilianza nikiwa sekondari. Na naomba tuelewane kuhusu neno kichwa, maana hapo ndipo watu wanapopotea. Sizungumzii kichwa cha kumeza vidonge viwili ukaendelea kufua.

Kwanza naona vimwanga pembeni ya jicho, vinameta na kukatika katika, hata nikifumba macho bado viko. Hapo najua muda wangu umeisha. Halafu upande mmoja wa kichwa unaanza kugonga, kila mapigo ya moyo unagonga. Mwanga unauma. Sauti ya sufuria inauma. Harufu ya mafuta ya kukaangia inanifanya nitapike hata kama tumboni hakuna kitu. Dawa yangu ya haraka ni chumba chenye giza na khanga iliyolowekwa maji ya baridi usoni. Kikiwa na huruma, kesho yake naamka, nimelegea lakini mzima. Kisipokuwa na huruma tunaenda nacho hadi siku ya tatu.

Niliyoambiwa kabla sijakutana na daktari wa kunisikiliza, jamani!

Malaria. Kipimo kinasema sina, naambiwa imejificha, meza tu. Nikameza dawa za malaria mpaka masikio yakawa yanavuma. Typhoid nayo nimetibiwa. Kisha macho, nikavalishwa miwani ambayo mpaka leo iko kwenye droo. Dada mmoja wa kwaya akasema nina kiburi ndiyo maana, nifunge na kuomba. Bibi mmoja wa Kanazi akaniumika kwa pembe kwenye paji la uso, eti damu chafu imepanda kichwani. Alama ninazo, nikisuka nywele za kurudi nyuma zinaonekana. Kichwa kilirudi, safari hii kikiwa na kidonda juu yake.

Na ile ya "una mawazo". Mtoto wa kidato cha pili ana mawazo ya nini, wakuu? Ya kodi?

Basi nikakua, nikafungua saluni yangu ndogo pale Bakoba, hapa hapa mjini. Kazi naipenda, lakini dawa za nywele na kile kichwa si marafiki. Siku moja kikanipata nikiwa nimemsuka mteja nusu kichwa. Nikamwomba radhi, nikalala chini nyuma ya kiti. Fundi wa umeme aliyekuja kutengeneza soketi akanikuta hapo. Hakuuliza umekunywa nini. Akazima redio, akashusha pazia, akakaa nje mlangoni kuwarudisha wateja.

Huyo ndiye Edson. Mengine mnaweza kumalizia wenyewe.

Kwao ni Muleba. Mambo yalipofika mahali pake, barua ya posa ikapokelewa, sendoff ikapangwa, kanisa likapangwa, akasema kwanza twende mama akuone. Shangazi yangu akanisindikiza, maana huku kwetu msichana haendi ukweni peke yake kama anaenda sokoni. Tulipanda gari ya kaka yake Edson, jua la mchana linaingia kwenye kioo upande wangu. Kabla hatujafika, vile vimwanga vikaanza.

Nikamnong'oneza shangazi. Akasema jikaze, leo ndiyo siku yenyewe.

Nyumba imejaa. Kwenye kibanja, shamba la migomba nyuma ya nyumba, wanakaanga senene, wale panzi wa kuliwa, kwa heshima yangu. Wale waliokulia huku wanajua ile harufu inavyopendeza. Kwangu siku hiyo ilikuwa kama nimepigwa.

Halafu kikaja kile kikapu kidogo cha akamwani. Kwa mgeni asiyejua, hizi ni buni za kahawa zilizochemshwa na majani yake zikakaushwa, mgeni anatafuna anapokaribishwa. Ukikataa, ni kama umesema hamjaaminika. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyekishika, amepiga goti nusu, anatabasamu.

"Karibu, mugole. Tafuna, ni ya kibanja chetu."

Mugole ni bibi harusi. Nikachukua moja. Nikatafuna. Uchungu wake ukakutana na ile harufu ya senene, nikainuka bila kuaga, nikatapikia kwenye migomba.

Nikaomba chumba. Nikafunga dirisha, nikalala na khanga yenye maji usoni. Kila aliyefungua mlango alinikuta hivyo: msichana ambaye bado hajaolewa, ametapika kahawa ya kukaribishwa, hataki harufu ya mafuta, hataki mwanga, anataka kulala mchana kweupe.

Mnaona hesabu ilivyopigwa?

Mama mkwe akaingia, akaketi kitandani. Sauti yake ilikuwa ya upole, hapo sidanganyi. Akaniuliza, "Mwana wange, umekosa siku zako tangu lini?"

Sikuelewa. Nilidhani anauliza siku za kuumwa kichwa. Nikamwambia, mama, huwa kinanijia kila mwezi.

Akasema hapana, sizungumzii kichwa.

Nikaeleza. Nikasema ni migraine, ninayo tangu shule. Edson naye akaeleza, akasimama mbele ya mama yake na baba zake wadogo akasema huyu simjui hivyo, hatujafanya hivyo. Ikawa mbaya zaidi, maana nani anamwamini kijana anayejitetea? Wakaona amejifunza jibu.

Sasa kwa asiyejua usharika wetu, niseme kidogo. Bibi harusi mwenye mimba havai shela akaingia mlango mkubwa kwaya ikimwimbia. Kuna kutengwa, kuna kutubu mbele ya watu, ndipo anarudi kundini. Halafu ndoa inafungwa kimya kimya. Na kwa binti wa mzee wa kanisa, baba yangu angekaa wapi Jumapili hiyo? Hicho ndicho kilichokuwa mezani wakuu, jina la baba na shela yangu, kwa sababu ya kutapika.

Kabla hatujarudi Bukoba, mama mkwe alimwita shangazi pembeni. Akamwambia waitu, yaani ndugu yetu, sisi si wabaya, ila anayejiamini haogopi kupimwa.

Hiyo sentensi muishike.

Nilikataa. Shangazi akalia. Akasema wewe ni msafi, pima tuwazibe mdomo. Nikakubali kwa ajili ya baba. Kipimo cha mkojo kikanunuliwa duka la dawa, nikaingia chooni nyumbani kwetu Nshambya, na shangazi amesimama mlangoni kuhakikisha mkojo ni wangu. Mtu mzima, mwenye saluni yake na wateja wake, nimechuchumaa namsikia shangazi anapumua upande wa pili wa mlango.

Mstari mmoja. Hakuna mimba.

Mngedhani imeisha. Simu ikatoka Muleba: vipimo vya dukani vinadanganya, aende zahanati. Nikaenda zahanati. Hakuna mimba. Basi ikasemwa, sijui na nani, lakini ilinifikia saluni kupitia mteja, kwamba huenda nilikuwa nayo nikaitoa.

Mnaelewa hapo? Ukiwa nayo una hatia, usipokuwa nayo una hatia kubwa zaidi.

Nilikaa siku nzima bila kufungua saluni. Sikuwa naumwa. Nilikuwa na hasira mpaka mikono haishiki kitana.

Edson ndiye aliyesimama. Akapiga simu kwao akasema harusi ni tarehe ile ile, mlango mkubwa, na asiyetaka asije. Walikuja wote. Mama mkwe alinikumbatia mbele ya watu, na wakati ananikumbatia mkono wake ukapita tumboni kwangu. Taratibu. Nilihisi.

Nikaingia na shela yangu. Yule wa video akaniwashia ile taa yake kubwa usoni, Edson akamwambia zima. Video yetu nusu yake ni giza. Baadaye nikasikia walisema taa ilizimwa kuficha tumbo.

Miezi wakaihesabu. Wifi zangu walikuwa wanapiga simu kusalimia, na salamu zao zote ziliishia "na mwili unaendeleaje?" Miezi ikapita. Mwaka ukapita. Mtoto wetu wa kwanza alikuja kwa wakati wake, tumeshasahau hata rangi ya maua ya kanisani.

Hakuna aliyekuja kusema samahani, tulikosea. Hakuna. Ilipita tu kama mvua.

Na kwa yule wa "mpe ujauzito": miezi ya kwanza ya mimba kichwa kilinibana kuliko wakati wowote, na dawa zangu nyingine daktari alizisimamisha kwa sababu haziruhusiwi kwa mjamzito. Nikavumilia kwa khanga ya maji. Nakushukuru sana kwa ushauri.

Sasa ndiyo nafika kwenye kilichotokea mwaka huu.

Mama mkwe ana kitinda mimba wake, tumwite Koku. Alikuwa bweni, shule moja huko huko Muleba. Binti mpole, anasoma, alikuwa mdogo kabisa siku ile nilipotapikia migomba yao.

Asubuhi moja mama mkwe akanipigia. Edson alikuwa Biharamulo kikazi. Sauti ya mama haikuwa ile ninayoijua.

"Mwana wange, njoo. Wanasema mtoto ana mimba."

Koku alikuwa ametapika mstarini, jua linawaka. Akakimbilia bwenini, akajifunika shuka mpaka kichwani, akasema hataki mwanga. Wenzake wakasema si mara ya kwanza. Hesabu ile ile ikapigwa.

Nikafunga saluni nikaenda.

Nilimkuta mama mkwe ofisini kwa matron, amekaa ukingoni mwa kiti. Matron ni mama wa makamo, hana ukali, anaongea kwa upole ule ule. Koku amesimama ukutani, mkono mmoja umefunika jicho. Nilipomwona tu nikajua. Nikaenda dirishani nikavuta pazia. Akashusha mkono. Hakuna aliyeniambia kaa.

Matron akasema binti apimwe mimba hapo shuleni, au aende nyumbani asirudi mpaka aje na majibu. Mitihani ya kidato cha nne imekaribia. Akienda nyumbani na maneno yale, mnajua wenyewe shule itakavyopokea kurudi kwake.

Mama mkwe akasema, "Mwanangu hapimwi."

Matron akatabasamu. "Mama, kama mtoto anajiamini, anaogopa nini kupimwa?"

Wakuu.

Neno kwa neno, karibu. Mama mkwe hakumtazama matron. Alinitazama mimi. Na mimi nikamtazama, sikushusha macho, Mungu anisamehe. Nilitaka nione atajibu nini, maana mimi sikupewa nafasi ya kujibu.

Akamgeukia matron. Kisha akasema, na sauti inatetemeka, "Mwalimu, hiki kichwa ni cha kwangu. Tangu nikiwa msichana kinanijia hivi hivi. Naona nyota, natapika, naingia ndani nafunga dirisha. Watoto wangu wanajua, mama akifunga dirisha hakuna kupiga kelele. Mtoto amekirithi kwangu. Hapa hakuna cha mimba."

Yule mama alikuwa na ugonjwa wangu. Miaka yote! Siku ile nimelala kwenye chumba chake, dirisha nimefunga, khanga ya maji usoni, yeye alikuwa anatazama kitu anachokijua kuliko mtu yeyote katika ile nyumba. Na akaniuliza siku zangu.

Matron alilainika. Nikamwomba aruhusu tumpeleke hospitali kwanza, kwa daktari, sio kwa kipimo. Akakubali. Daktari alimuuliza Koku maswali mengi, akamuuliza na mama, akampima anavyojua, akasema ni migraine, na kwamba hutembea kwenye ukoo. Akaandika maelezo kwa shule: akianza kuona vile vimwanga apewe dawa yake mapema, aruhusiwe kulala penye giza. Koku alirudi darasani. Mitihani amefanya.

Lakini kabla hatujaachana, pale nje ya hospitali, nilishindwa. Nikamuuliza.

"Mama, kichwa chako ulikuwa unakiitaje?"

"Uchovu. Wa kuanika kahawa juani."

"Na cha Koku?"

"Huyu anasoma sana."

"Na changu?"

Akarekebisha kitenge chake begani. Akatazama barabarani. Akasema, "Wewe nilikuwa sijakujua."

Basi. Hiyo ndiyo samahani niliyopata, kama ni samahani. Ugonjwa mmoja una majina matatu, kutegemea ni wa nani. Wa kwake ni kazi nyingi, wa mwanawe ni akili nyingi, wa mgeni ni mimba.

Nimeligeuza sana hilo jibu na bado linaniuma. Kwa mwanawe hakuhitaji kipimo. Alimwamini amesimama tu ukutani. Hicho ndicho nilichokuwa nataka siku ile, sikutaka kingine.

Nilichojifunza, kwa lugha nyepesi: migraine ni ugonjwa, unatibika hata kama hauishi kabisa. Si uvivu, si kiburi, si damu chafu, si mapepo, na kila kichwa si malaria. Mtafute daktari atakayekaa akusikilize. Msimeze painkillers kila siku, zenyewe zikizidi zinaleta kichwa, mimi nimepitia. Na kichwa kinachokuja ghafla kwa nguvu ambayo hujawahi kuiona, au kinachokuja na homa na shingo kukaza, au mkono kulegea, hicho usilale nacho gizani, kimbia hospitali.

Na mwanamke akitapika, jamani, muulizeni kwanza anaumwa wapi.

Karibuni mchangie. Mwenye hali hii aseme nyumbani kwake wanaiitaje. Wanaume wenye wake wa namna hii, niambieni mnafanya nini kikija. Walimu na matron mliomo humu, nawaomba msome mara mbili. Na wewe wa "mpe ujauzito", usipite kimya, nina muda na wewe.

Nimesahau kitu. Koku yuko kwangu akisubiri matokeo, na juzi kikampata. Mama mkwe akapiga simu kuuliza kama tumefunga pazia. Nikamwambia tumefunga. Halafu akasema, "Na wewe je, chako siku hizi kinakusumbua?"

Tangu nimeolewa ndiyo mara ya kwanza ananiuliza. Nikamwambia kipo, mama. Nilitaka kuongeza mengi, nikashindwa, maana nilikuwa nalia na sikutaka asikie.